Siku moja kwenye boti nyembamba, mto Thames: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wanaoishi Uingereza, au wanaokuja kutembelea ndugu, waliosikia habari za boti nyembamba na wangependa kujua siku yenyewe huendaje. Majibu yote yanahusu kipande kimoja cha mto: Thames ya juu, kutoka mji mdogo wa Lechlade hadi daraja la Radcot. Kina loki tatu tu (vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti), na sijaona mahali pazuri kuliko hapo kwa mtu anayeanza.

Boti nyembamba ni boti gani hasa?

Ni boti ya chuma yenye upana wa mita 2.1 hivi. Ndefu kabisa hufika karibu mita 22, lakini za kukodi kwa siku moja huwa fupi zaidi ya hapo. Wembamba wake una historia. Katika miaka ya 1760, fundi James Brindley alipokuwa akipanga mifereji ya katikati ya Uingereza, alichagua loki nyembamba ili kuokoa maji na fedha. Tangu hapo kila aliyetaka kupita humo ilibidi aunde chombo cha kipimo hicho. Boti zile zilibeba makaa ya mawe na vyombo vya udongo, zikivutwa na farasi aliyetembea ukingoni, na familia nzima iliishi katika chumba kidogo upande wa tezi, yaani nyuma ya boti. Reli ilikuja ikanyang'anya mizigo, kisha malori yakamalizia. Leo boti hizi ni za matembezi, na kwa maelfu ya watu bado ni nyumba.

Anayeshika usukani husimama nje, kwenye tezi, mkono ukiwa juu ya kana, mti wa kugeuzia usukani. Aliyewahi kuendesha ngalawa au mashua hatapata shida: ukisukuma kana kushoto, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kulia. Wengine huhitaji robo saa hivi kuzoea, hasa kuzoea kwamba boti hugeuka kwa kuzungukia katikati yake. Omo ikienda kulia, tezi inafagia kushoto.

Na loki ni kitu gani?

Kutoka Lechlade hadi baharini mto Thames unashuka mita 71. Ungeachwa ushuke wenyewe, wakati wa kiangazi ungekuwa mwembamba na wenye mawe hata boti isipite. Kwa hiyo mto umekatwa ngazi kwa ngazi kwa mabanio yanayoinua maji, na kando ya kila banio kuna loki, ambayo ni chumba kirefu chenye kuta imara na malango kila upande. Mto mzima una loki 45.

Unaposhuka, unaingia ndani ya chumba kikiwa kimejaa, malango ya nyuma yanafungwa, kisha vilango vidogo vilivyo chini ya malango ya mbele vinafunguliwa kidogo kidogo. Maji yanatoka, boti inateremka nayo, na usawa wa ndani ukilingana na wa nje malango yanafunguka. Unapopanda, mambo ni yale yale kinyume chake. Hakuna pampu inayosukuma maji. Uzito wa maji wenyewe ndio unaofanya kazi yote. Mtu wa pwani ataelewa haraka: ni kupwa na kujaa, ila huku kunafanywa kwa mkono na kunakwisha ndani ya dakika kumi.

Chukua loki yenye urefu wa mita 33, upana wa mita 4 na tofauti ya maji ya mita moja na nusu. Kila inapomwagwa zinatoka lita zipatazo 200,000. Ndiyo maana vilango hufunguliwa polepole. Ndiyo maana pia malango hukutana kwa pembe, ncha ikielekea yanakotoka maji: kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo malango yanavyobana zaidi. Usijaribu kuyalazimisha kabla maji hayajalingana. Hata watu kumi hawayawezi. Yakilingana, mtoto wa shule aliyeegemeza mgongo kwenye boriti atalifungua lango peke yake.

Nani aliyebuni jambo hili?

Wachina. Mwaka 984, afisa aliyeitwa Qiao Weiyue alijenga loki ya vyumba kwenye njia ya Mfereji Mkuu wa China. Malango ya pembe tuliyoyaeleza hapo juu huhusishwa na Leonardo da Vinci, aliyefanya kazi za mifereji mjini Milan mwishoni mwa karne ya 15. Kwenye Thames, loki tatu za kwanza za namna hii zilijengwa karibu na Oxford katika miaka ya 1630.

Kabla ya hapo hali ilikuwa ya kutisha. Banio lilikuwa na sehemu inayoweza kuondolewa. Ikiondolewa, maji yalifoka na boti ya kushuka ilijitupa humo humo pamoja na mafuriko. Ya kupanda ilivutwa kwa kamba na roda dhidi ya nguvu ile ile. Watu walikufa maji, mizigo ikapotea, na mwenye kinu cha kusaga nafaka aliyelitegemea banio aligombana na wenye boti kila siku, maana kila mmoja aliyahitaji maji yale yale.

Je, nahitaji leseni ya kuendesha?

Mtu binafsi hahitaji cheti kwa matembezi ya mtoni. Boti yenyewe ndiyo inayopaswa kusajiliwa na Environment Agency, mamlaka inayosimamia Thames hii, na kampuni ya kukodisha hushughulikia hilo pamoja na bima. Asubuhi mtaelekezwa kuhusu injini, gia, kamba na maboya. Msiharakishe maelekezo hayo. Kama kuna mmoja wenu asiyeelewa Kiingereza vizuri, mtafsirieni palepale, kwa sababu kwenye loki kila mtu aliyemo anaweza kupewa kamba.

Siku inapangwaje?

Mnaondoka Lechlade saa tatu au saa tatu u nusu asubuhi, mkishuka na mkondo. Nyuma yenu ni daraja la mwaka 1792 ambalo kila aliyevuka kwa miguu alilipia nusu peni, na hadi leo linaitwa kwa malipo hayo. Dakika chache tu mbele ni St John's, loki ya kwanza ya mto wote. Hapo kuna sanamu ya mzee mwenye ndevu, amejiegemeza ubavuni, sepetu mkononi: ndiye Baba Thames. Ilichongwa na Raffaelle Monti kwa ajili ya jumba la Crystal Palace, London, mwaka 1854, ikahamishiwa kwenye chanzo cha mto mwaka 1958, na mwaka 1974 ikaletwa hapa palipo na msimamizi wa kuilinda. Shukeni mpige picha wakati maji yanapungua, lakini mmoja abaki na kamba.

Ya pili ni Buscot, ndogo kuliko loki zote za Thames. Zamani jibini ya mashamba ya hapa ilipakiwa kwenye gati la karibu kwenda London. Kijiji cha Buscot sasa kiko chini ya shirika la kuhifadhi urithi la National Trust, na pembeni mwa banio kuna majani mazuri ya kukalia. Kama mna watoto, hapa ndipo pa kunywa chai ya kwanza.

Baada ya Buscot mto unajikunja na kujikunjua katikati ya malisho, bila barabara wala nyumba. Ng'ombe wanasimama majini hadi magotini. Mierebi imeinamia mto kila upande. Ukinyamaza na kuangalia mbele, utamwona mdiria akipita kama mstari wa buluu juu ya maji, na korongo wa kijivu aliyesimama bila kutikisika hadi boti imfikie. Batamaji weupe watawafuata wakitaka mkate. Ukingoni pia kuna vibanda vya zege vyenye matundu ya bunduki, vilivyojengwa mwaka 1940 Waingereza walipotarajia Wajerumani kuvamia nchi yao. Havikuhitajika.

Kisha mnafika Kelmscott, na kwangu hiki ndicho kitovu cha siku. Msanii na mjamaa William Morris alikodi nyumba ya mawe ya kijiji hiki mwaka 1871 na akaitunza hadi alipofariki mwaka 1896. Amezikwa kwenye uwanja wa kanisa. Pambo lake mashuhuri la majani ya mwerebi, ambalo hadi leo linachapwa kwenye vitambaa na karatasi za ukutani, lilitokana na miti ya kando ya maji haya haya mnayopita. Mwaka 1880 alisafiri na familia yake kwa boti kutoka nyumbani kwake London hadi hapa, mto mzima, loki baada ya loki. Nyumba hufunguliwa kwa wageni siku chache za wiki katika miezi ya joto, basi hakikisheni kabla ya kwenda. Hata ikiwa imefungwa, fungeni boti mtembee kijijini, mle chakula cha mchana bila haraka.

Loki ya tatu, Grafton, imesimama peke yake mashambani tangu 1896. Baada yake ni Radcot, ambako kuna daraja la mawe la takriban mwaka 1200, linalotajwa kuwa kongwe kuliko yote ya Thames. Mwaka 1387 jeshi la Robert de Vere, kipenzi cha mfalme Richard wa Pili, lilishindwa hapo, naye mwenyewe akaponea kwa kuvuka mto. Boti hazipiti chini ya daraja hilo kongwe bali kwenye mchirizi uliochimbwa kando, chini ya tao moja la mwaka 1787. Kona ya kuingia ni kali na huoni anayekuja, kwa hiyo punguzeni mwendo na mpige honi.

Hapo geuzeni. Mkipenda kufupisha siku, geuzeni Kelmscott.

Kwa nini tusiende mbali zaidi? Siku nzima tunayo.

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa ukali kidogo, kwa sababu ndilo linaloharibu matembezi ya wengi. Watu huangalia ramani, wakaona Lechlade hadi Radcot ni kilomita kumi na kitu tu, wakasema kwa gari ni dakika chache. Kwenye boti pimeni siku kwa loki, si kwa kilomita. Mwendo halali hauzidi kilomita 8 kwa saa, na mkiona vikombe vya boti iliyofungwa vinatikisika mkipita, mmezidi. Kila loki inachukua robo saa hadi nusu saa, zaidi mkikuta foleni. Wakati wa kurudi mnapambana na mkondo, hivyo safari ile ile huwa ndefu kuliko ya asubuhi. Boti za kukodi hazitembei gizani.

Anayetaka kufika mbali huanza kuangalia saa, akaingia loki kwa kasi, akawafokea wenzake kwenye kamba. Mapema tu siku imeshakuwa kazi. Loki ndipo mahali ambapo boti inasimama, watu wanatoka, mnasalimiana na wa boti nyingine, mzee anapewa mkono kupanda ngazi, watoto wanauliza maji yamekwenda wapi. Loki tatu kwenda na tatu kurudi zinatosha kabisa.

Kwenye loki, nani anafanya nini?

Majira ya joto loki nyingi za Thames huwa na msimamizi au mtu wa kujitolea. Msikilizeni yeye kwanza. Juu ya Oxford malango bado ni ya boriti za kusukuma kwa mikono. Kuanzia loki ya Godstow kushuka chini ndipo utakuta yanayoendeshwa kwa mashine. Msimamizi akiwa kwenye mapumziko ya mchana, mnajifanyia wenyewe, na maelekezo yamebandikwa.

Mnahitaji watu watatu: nahodha kwenye kana, mmoja wa kamba ya omo, mmoja wa kamba ya tezi. Ingieni taratibu, kamba zizungushwe kwenye vigingi vya ukingoni na ncha zishikwe mkononi, kisha injini izimwe. Kamba haifungwi fundo. Maji yakishuka kamba iliyofungwa itaining'iniza boti, na hapo kuna hatari ya kupinduka au kamba kukatika kwa kishindo. Mnaposhuka, iachieni kidogo kidogo. Mnapopanda, ivuteni isilegee. Vidole visipite kati ya kamba na kigingi.

Hatari kubwa ni ipi?

Kizingiti. Chini ya malango ya juu kuna ukingo wa zege au mawe unaotokeza ndani ya chumba, nao hauonekani loki ikiwa imejaa. Boti inayoshuka ikiwa imerudi nyuma sana, tezi yake itakalia kizingiti huku omo ikiendelea kuteremka na maji. Inaweza kuzama kwa dakika chache. Ukutani pamechorwa alama inayoonyesha kizingiti kinaishia wapi: kaeni mbele ya alama hiyo, na nahodha aiangalie muda wote. Mkiona boti imeanza kuinama, pigeni kelele vilango vifungwe mara moja.

Ya pili ni banio. Mkikaribia loki, mto hugawanyika, na kibao kinaelekeza njia ya boti. Kingine kinaonya "hatari". Fuateni cha loki bila kubahatisha. Boti ya mtoni inapaswa kuwa na nanga iliyo tayari, kwa ajili ya siku injini itakapozimika juu ya banio.

Mwisho, boti haina breki. Inasimama kwa kurudisha gia nyuma, tena baada ya umbali fulani, na ina uzito wa tani nyingi. Ikienda kugonga, iacheni igonge. Usitangulize mguu wala mkono kati yake na ukuta.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo, ila vaa jaketi la kuokolea tangu unapokanyaga gati hadi unaposhuka, hata siku ya jua kali. Watoto vivyo hivyo, na kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayejulikana. Maji ya huku ni baridi hata mwezi wa Juni, na baridi hiyo humkata mtu pumzi. Mtu akianguka, toeni gia kwanza ili rafadha (panga la injini) isizunguke, kisha mrushieni boya. Msimrukie.

Jambo la pili kuhusu maji: bakteria wanaosababisha ugonjwa uliozuka Lindi mwaka 2022, ukaitwa homa ya mgunda, wamo pia katika mito ya Uingereza kupitia mkojo wa panya. Si sababu ya kuogopa. Funika michubuko, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na ukipata homa siku za baadaye mwambie daktari kwamba ulikuwa mtoni.

Chakula, choo, sala?

Jiko la gesi lipo, na choo pia. Pilau na sambusa mkizipika nyumbani mkazibeba kwenye chombo cha kuhifadhi joto, mtashukuru; boti nzuri kwa kuchemsha chai si lazima iwe nzuri kwa kuwakaangia watu wanane. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani wala kwenye sitaha. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu na chumba ni chembamba. Kwa sababu hiyo hiyo jiko la gesi lisitumike kupasha chumba joto.

Kwa sala, fungeni boti kwanza. Mto unajipinda mno kiasi kwamba kibla kinahama kila baada ya dakika chache, na nahodha naye anahitaji kusali. Kutoka hapa Makka iko kusini-mashariki. Majani ya ukingoni ni makavu siku nyingi za kiangazi, na hakuna atakayewasumbua.

Msimu gani unafaa?

Mei hadi Septemba. Juni mwanga unabaki hadi saa tatu usiku na kupita. Baada ya mvua kubwa angalieni vibao vya kwenye loki: vya njano vinasema mkondo unaongezeka au unapungua, vyekundu vinasema mkondo ni mkali. Kikiwa chekundu hamwondoki, hata kama mmeshalipa.

Kuna adabu gani za mtoni?

Shika kulia. Punguza mwendo ukipita boti zilizofungwa na wavuvi wa ndoano. Salimia, hapa Waingereza wasiosalimiana kwenye treni wanapungiana mikono wote. Kwenye loki aliyetangulia kufika huingia kwanza, na kama kuna nafasi ya wawili, mkaribishe wa pili, maana mtakuwa mmetumia maji yale yale. Ukifunga boti ukingoni, elekeza omo yanakotoka maji. Ardhi nyingi ina mwenyewe, na akija kudai ada ya kufunga, anadai haki yake.

Tunafikaje Lechlade bila gari?

Hakuna treni. Shukeni Swindon, kisha basi au teksi. Mkiwa kundi la watu wanane, gari la kukodi kutoka Reading au London linakuwa nafuu, na linabeba sufuria.

Tukipenda, safari ndefu zaidi ni ipi?

Lechlade hadi Oxford, takriban kilomita 50 na loki 12, ukihesabu Osney iliyo mjini. Jipeni siku tatu, mlale ndani ya boti. Daraja la Osney ni fupi kiasi cha mita 2.3 tu juu ya maji, hivyo ondoeni baiskeli na vyungu vya maua kwenye paa kabla ya kulifikia.